Karatasi Sita za Kura, Nasi Twazungumza Moja

Juma mbili zilizopita, baada ya taa za bweni kuzimwa, ulizuka ubishi mkubwa kati yetu sisi wa kidato cha nne. Ubishi huo ulianza kwa jambo dogo tu. Mwenzetu mmoja alihesabu umri wake kwa vidole, akatuambia ya kwamba itakapofika tarehe 10 Agosti 2027, siku ya uchaguzi mkuu, atakuwa amekwisha kutimiza miaka 18 na miezi minne, lakini hatakwenda kupiga kura hata akiletewa sanduku mlangoni kwao. Wengi walimwunga mkono. Mimi nilijaribu kumjibu, lakini gizani mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye, na sauti yangu si kubwa. Kisha kiranja akaja na tochi yake, tukanyamaza kimya. Basi namwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu, niyaseme kwa utaratibu yale niliyoshindwa kuyasema usiku ule.

Yanipasa kuanza na mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022, mimi nilikuwa mtoto wa miaka 13, darasa la nane. Shule zote zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi, na madarasa mawili ya shule yetu ya msingi yalikuwa yamegeuzwa vituo vya kupigia kura. Kwetu ni upande wa Kinango, katika kaunti ya Kwale, mahali ambapo mwaka ule mvua ilikuwa imetunyima kwa misimu kadhaa na bwawa letu lilikuwa limekauka hata ng'ombe wakipita katikati yake bila ya kulowesha kwato. Bibi yangu, mzaa mama, aliniamsha saa tisa za usiku. Macho yake yana ukungu na hapendi kutembea gizani peke yake, kwa hiyo mimi ndimi niliyekuwa fimbo yake. Alikuwa amefunga kitambulisho chake katika pindo la leso, na njiani alisimama mara tatu kupapasa fundo lile ahakikishe kwamba kingalimo.

Tulipofika tulikuta watu wapatao 60 wamekwisha kutangulia. Wengine walikuwa wamelala pale pale juu ya majani. Vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi kama ilivyotangazwa, na foleni ikaanza kwenda polepole mno, kwa sababu kila mtu alipaswa kwanza kuweka kidole juu ya mashine imtambue, na vidole vya watu wa kwetu vimechakazwa na jembe. Mashine ilimkataa bibi mara mbili. Karani alimfuta kidole kwa kitambaa, akajaribu kingine, ikakubali.

Wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga waliruhusiwa kupita mbele. Jambo hili lilileta kichekesho kimoja ambacho sitakisahau. Mtoto mmoja mchanga mwenye kofia nyekundu alionekana akiingia kituoni mgongoni mwa mama mmoja, kisha baada ya robo saa akaonekana tena mgongoni mwa mwingine. Mara ya tatu karani alimshika mtoto yule akamtia wino kidoleni kama mtu aliyekwisha kupiga kura! Foleni nzima ilicheka, hata askari.

Bibi alikuwa na haki ya kupita mbele lakini alikataa. Alisema amekaa nyumbani peke yake tangu masika, na leo watu wote wako hapa, basi kwa nini aharakishe? Kwa hiyo tulikaa katika foleni saa nne, nami nikapata kusikia maneno ya watu wengi.

Nilimsikia mama aliyejifungua karibuni akisema anatamani zahanati yetu iwe na dawa, maana hupewa karatasi tu akanunue mjini. Mzee mmoja aliyepoteza ng'ombe 11 kwa kiangazi alisema yeye haombi kitu ila bwawa lichimbwe liwe na kina. Kijana mwenye pikipiki ya kubeba abiria aliitaja barabara ya kwenda sokoni, ambayo ikinyesha haipitiki na isiponyesha humtia mtu vumbi hata kwenye meno. Mwalimu wa chekechea alitaka darasa lenye kuta, kwani wanafunzi wake husoma chini ya mbuyu. Wengine walilia juu ya bei ya unga. Bibi yangu hakusema mengi. Alisema, "Maji." Maji wakati ule tulikuwa tukinunua kwa mtungi wa lita 20, yaletwayo juu ya punda, na hayakuwa meupe.

Lakini sasa, wasomaji wapendwa, tazameni jambo la ajabu. Watu hawa hawa, kila walipomaliza kutaja shida zao, walirudi kuzungumza habari moja tu, yaani nani atakuwa Rais. Wanaume wawili walikaribia kukunjana mashati kwa sababu ya wagombea wawili wa urais, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga kijijini kwetu, wala hakuna aliyekuwa akijua kwamba kuna bwawa pale. Msimamizi wa kituo ilimbidi atoke nje kuwaonya. Habari za gavana zilitajwa kidogo. Habari za seneta sikuzisikia kabisa. Na mwakilishi wa wadi alitajwa kama watu wanavyomtaja jirani, kwamba ni mtoto wa fulani, na alikuja msibani, na gari lake ni lile jeupe.

Bibi alipoingia, mimi nilizuiwa mlangoni kwa kuwa sikuwa nimetimiza umri. Kwa sababu haoni vizuri, msimamizi alimsomea majina na kumsaidia kutia alama mbele ya mawakala wa vyama. Karatasi zilikuwa sita, kila moja na rangi yake na sanduku lake, nyeupe ikiwa ya Rais na ya kijani ya Mbunge. Alipotoka alinionyesha kidole chenye wino kama mtu aonyeshaye pete mpya. Njiani nikamwuliza, "Bibi, ile ya mwakilishi wa wadi umempa nani?" Akanijibu bila kusita, "Nimempa yule aliyeleta gunia la mchele katika matanga ya jirani yetu." Nikamwuliza kama yule mtu aliwahi kusema lolote juu ya bwawa. Bibi akasimama njiani akafikiri. "Maji si kazi yake, mume wangu," akasema, maana ndivyo aniitavyo. "Maji ni kazi ya serikali."

Wakati ule nilimwamini. Ilinichukua miaka miwili kujua kwamba sivyo.

Katika somo la Historia na Serikali tulisoma Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, ambalo hugawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Nakumbuka nilikuwa nimesinzia kidogo, kwa kuwa ilikuwa ni saa ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, mara nikasikia mwalimu akisoma: maji na usafi, vituo vya afya na zahanati, elimu ya chekechea, barabara za kaunti, masoko, kilimo na mifugo. Usingizi ukaniruka. Nilichukua daftari nikaandika yale maneno yote niliyoweza kuyakumbuka kutoka katika foleni ile. Yalikuwa mambo tisa. Katika hayo tisa, saba yalikuwa ni kazi ya kaunti. Bei ya unga na usalama wa mpakani peke yake ndiyo yaliyokuwa juu ya serikali ya taifa.

Yaani wale watu waliamka saa tisa za usiku, wakasimama hata jua likawachoma, wakatamka matumaini yao kwa sauti, kisha wakayatia matumaini hayo katika sanduku lisilokuwa lake. Katiba inasema kaunti zote 47 zigawiwe si chini ya sehemu 15 katika kila 100 za mapato ya serikali ya taifa, na bajeti ya fedha hizo hupitishwa na Bunge la Kaunti, ambalo wengi wa wajumbe wake ni wale wa wadi, wale waliochaguliwa kwa karatasi ya mchele wa matanga. Simlaumu bibi yangu. Yeye hakusoma Jedwali la Nne. Lakini ninyi mnaosoma maneno haya mmelisoma, na walimu wetu wamelifundisha mara nyingi, na bado katika bweni letu ubishi wote ulikuwa juu ya karatasi nyeupe.

Hilo ndilo shauri langu. Mimi sisemi kwamba Rais si kitu. Nasema ya kwamba tunapewa karatasi sita na twazungumza moja, na zile tano nyingine twazitia sandukuni kama mtu alipaye deni la dukani, bila kuhesabu.

Labda msomaji atauliza kama kuchagua vizuri mwakilishi wa wadi huleta maji kweli. Nitamweleza yaliyotokea kwetu, nayo si mazuri sana wala si mabaya sana. Katika likizo ya Aprili mwaka 2024 lilipita tangazo ya kwamba kutakuwa na mkutano wa wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Bibi aliniomba nimpeleke, kwa kuwa mara hii nilikuwa nimekwisha kumweleza yale ya Jedwali. Mkutano ulikuwa pale pale shuleni, katika darasa lile lile alimopigia kura. Niliwahesabu waliohudhuria. Tulikuwa watu 11, nami nikiwa mmoja wao, na mmoja alikuja kwa sababu alidhani panagawiwa mbegu. Siku ya uchaguzi mahali pale palikuwa na mamia ya watu!

Bibi alisimama akasema habari za bwawa. Alisema kwa maneno machache, kwamba lina urefu wa kutosha ila halina kina, na kwamba mchanga umelijaza tangu mvua kubwa za zamani. Karani wa mkutano aliandika. Yule mwakilishi wetu mwenyewe hakuwapo. Mwaka uliofuata ilikuja mashine ya kuchimba, ikafanya kazi siku kumi, kisha ikaondoka kabla ya kumaliza, na hata leo hatujaelezwa sababu. Nusu ya bwawa ina kina na nusu nyingine ni kama zamani. Hata hivyo nusu ile hushika maji miezi miwili zaidi ya ilivyokuwa, na yule mzee wa ng'ombe 11 amenunua mitamba mitatu. Nusu ya bwawa ililetwa na watu 11. Sijui watu 50 wangeleta nini.

Sasa nirudi kwa wenzangu wa bwenini. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ni ile ya siku zote, kwamba kura moja haibadili kitu katika mamilioni. Mimi si hodari wa hesabu, lakini hesabu hii niliipiga mara mbili. Katika uchaguzi wa mwaka 2022, William Ruto alitangazwa kupata kura 7,176,141, na marehemu Raila Odinga kura 6,942,930. Tofauti yao ni kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanyeni hiyo ya kwanza kwa hiyo ya pili, mtapata kura tano kwa kila kituo. Tano tu! Katika chumba chetu cha bweni tunalala 16. Tena walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na kura halali za urais zilikuwa zaidi kidogo ya milioni 14 na laki mbili. Waliobaki nyumbani walikuwa zaidi ya milioni saba na nusu, na hao wangeweza kumchagua mtu mwingine kabisa kama wangetaka.

Na ikiwa ndivyo ilivyo kwa karatasi nyeupe, ambayo nchi nzima hushindania, je, karatasi ya wadi? Wadi ziko 1,450 katika Kenya nzima. Mahali ambapo mtu hushinda kwa kura mia au chini yake, ukoo mmoja ukiamua kwenda au kutokwenda ndio umekwisha kuamua nani atasimamia maji ya wote kwa miaka mitano.

Hoja yao ya pili ilikuwa nzito zaidi, nami siwezi kuipuuza. Mwenzetu mmoja alisema: mwaka 2024 vijana hawakungoja uchaguzi. Walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Jambo ambalo foleni haikuliweza kwa miaka, barabara ililiweza kwa siku chache. Bweni zima lilipiga makofi, nami nakiri kwamba moyo wangu nao ulipiga.

Lakini nimeifikiria hoja hiyo kwa juma mbili. Kwanza, watu waliuawa. Vijana waliotoka nyumbani kwao asubuhi hawakurudi, na bei ile ni kubwa mno kulipwa kwa mswada mmoja. Pili, ule mswada ulifikaje pale? Siku ile ile Wabunge 195 walisema ndiyo na 106 walisema la. Wabunge hao hawakushuka kutoka mawinguni. Wa majimbo 290 walitoka katika karatasi ya kijani, na 47 wengine walitoka katika karatasi ya Mwakilishi wa Wanawake, ambaye watu wengi wa kwetu hudhani kazi yake ni kuwapa akina mama sufuria na viti vya harusi, kumbe naye hukaa katika Bunge la Taifa na kupiga kura juu ya kodi kama Mbunge mwingine yeyote. Nilimwuliza mwenzetu yule kama anajua Mbunge wa kwao alisema ndiyo au la siku ile. Hakujua. Niliwauliza wengine kumi. Wawili walijua. Na mimi mwenyewe, niseme kweli, nilikwenda kutafuta kwanza kabla ya kuwauliza.

Sisemi waliotoka barabarani walikosa. Nasema kama foleni ya mwaka 2022 ingezungumza karatasi ya kijani nusu ya vile ilivyozungumza nyeupe, huenda wale 106 wangekuwa wengi zaidi, na wazazi fulani wangekuwa na watoto wao.

Wengine husema kura huibiwa, basi haina maana. Habari hii nilimwuliza bibi likizo iliyopita, kwa kuwa yeye ameona chaguzi nyingi kuliko Mwalimu Mkuu wetu. Alinisimulia habari za mlolongo wa mwaka 1988. Wakati ule, katika uteuzi wa chama, hapakuwa na karatasi za siri. Watu walijipanga mchana kweupe nyuma ya mgombea wao au nyuma ya picha yake, wakahesabiwa kama mbuzi wa mnada, na aliyepata zaidi ya sehemu 70 katika 100 alihesabiwa kuwa amekwisha kushinda bila kupingwa. Bibi alisema mume wake alijipanga katika mstari mrefu, na jioni likatangazwa jina la mwenye mstari mfupi. Juu ya hayo, chifu na tajiri wa duka walikuwa wamekwisha kuona nani amesimama wapi, na babu hakupata tena mkopo wa sukari pale dukani. Desturi ile iliachwa kabla ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992. Nilimwuliza kwa nini, baada ya kuonewa vile, aliendelea kwenda. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hula. Akasema, "Wao walitaka tusiende."

Basi kwake ile pazia ya kadibodi juu ya meza, ambayo sisi twaiona kitu cha kawaida, ni jambo kubwa. Nyuma yake hakuna chifu wala mwenye duka. Mahakama ya Juu nayo, tarehe 1 Septemba 2017, ilifuta uchaguzi wa Rais uliofanywa tarehe 8 Agosti mwaka huo, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Wala sijasahau mwaka 2007, ambapo zaidi ya watu elfu moja walikufa baada ya matokeo kubishaniwa. Mambo hayo yote ni kweli pamoja, na mtu akitaka kusema kura ni dawa ya kila ugonjwa asinitaje mimi kuwa shahidi wake. Ila matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni pake baada ya kuhesabiwa, na kila apitaye aweza kuyasoma. Tuliporudi shuleni Agosti ile mwaka 2022, karatasi zilikuwa zingali mlangoni mwa darasa, zimechanika pembeni. Sikumwona mtu mzima aliyezisoma ila mwalimu mmoja, naye alisoma ile ya Rais tu.

Kwa wenzangu wa kidato cha nne nina neno moja la kazi. Wengi wetu tutatimiza miaka 18 kabla ya Agosti 2027, na tutakuwa tumekwisha kuondoka hapa. Kitambulisho hakiji chenyewe. Huombwa kwa cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, na katika vijiji vyetu wakati mwingine hukawia miezi. Asiye nacho, wala pasipoti, hawezi kuandikishwa. Tena mtu hupiga kura katika kituo kile tu alichoandikishwa. Kaka wa rafiki yangu mmoja aliandikishwa karibu na chuo alikosoma kwa kuwa maafisa walikuja pale na foleni ilikuwa fupi. Siku ya uchaguzi chuo kilikuwa kimefungwa, naye yuko kwao, safari ya siku nzima, akabaki kusikiliza redio. Andikisheni majina yenu mahali ambapo maji yake mnayanywa.

Wazazi nao nawaomba jambo, kwa heshima. Wagombea wa wadi watakapoanza kuja misibani na mchele, mpokeeni mchele, maana njaa haina adabu. Lakini kabla gunia halijashushwa, mwulizeni kwa sauti, watu wakisikia, atalifanya nini lile bwawa, au ile zahanati, au kile mlichokosa kwenu. Mwandike jibu lake. Mtoto yeyote wa shule atawaandikia.

Mimi nitatimiza miaka 18 mwezi wa Machi mwaka 2027. Sheria humruhusu mpiga kura asiyeona vizuri achague mtu wa kumsaidia, na bibi amekwisha kunichagua mimi, ingawa kuna wajukuu wengine wakubwa ambao wamenuna kwa jambo hilo. Alinipa sharti moja. Amesema tukiingia, nisianze na ile nyeupe. Nianze kumsomea ile ya wadi, polepole, jina kwa jina, naye ataniambia ni yupi aliyemjibu habari za ile nusu ya bwawa iliyobaki.